Boti ya Ami Ilipopata Pancha

Ami yangu ana boti ya faiba kuukuu, ya aina ile ambayo injini inakaa ndani na mguu wenye gia na propela unaning'inia nje, nyuma, ukipanda na kushuka. Ukimpa nafasi atakuhadithia kwamba Aquamatic ya Volvo Penta, mtambo wa namna hiyo hiyo, ilitoka mwaka 1959, na kwamba tangu hapo binadamu hajabuni kitu cha maana baharini. Atakachokuficha ni kwamba mguu wa kwake umepigwa rangi mpaka hata namba za kiwandani hazisomeki, na kwamba kila akirudi bahari anauongezea oili ya gia.

"Ami, oili inapungua," nilimwambia.

"Inatumika."

Oili ya gia haitumiki! Haiungui kama oili ya injini. Kazi yake ni kuzunguka na gia humo humo. Ikipungua, imetoka. Na palipotokea oili, maji nayo yashapaona mlango. Nilimweleza hayo barazani, mbele ya wazee wenzake, nikaambiwa nimesoma sana.

Basi ikabidi tungoje bamvua, siku za maji kujaa sana na kupwa sana. Alfajiri maji yalipojaa tukaipandisha boti ufukoni Tudor, tukaiegemeza kwa boriti, tukakaa kusubiri yapwe. Bamvua la Mombasa lina saa zake: saa nne asubuhi maji yako kule mikokoni, saa kumi jioni yote yamerudi. Muda ulitosha, lau watu wangenyamaza.

Hawakunyamaza. Ilikuwa Ijumaa, na Ami alikuja kusimamia kazi na kanzu yake nyeupe kabisa, ili akitoka hapo aende msikitini moja kwa moja. Vijana walikuja na mahamri na mbaazi. Kusubiri maji kukamfungua Ami mdomo, akaanza tena kisa cha samaki aliyemkatia mshipi wa kuvulia nje ya mwamba. Mara ya kwanza nilipokisikia kisa hicho samaki alikuwa kolekole. Hadi kufikia mfungo alikuwa sulisuli. Siku hiyo pale ufukoni alikuwa papa, na alimtazama Ami machoni kabla ya kupiga mbizi.

"Aliuvuta mshipi wote, wallahi. Na boti ikatetemeka!"

Mguu ulipokuwa wazi nikaweka sufuria chini yake, nikafungua skrubu ya chini kisha ya juu ili hewa iingie. Kwanza yakatoka maji matupu, maana boti ilikuwa imelala siku kadhaa na maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini. Halafu ikafuata oili yenyewe, nyeupe, nzito, na povu juu. Ncha ya skrubu ile ina sumaku. Ilikuwa imeota manyoya ya chuma laini, nikayasugua baina ya vidole. Manyoya hayatishi, gia zote huchakaa. Ningekuta vipande, ningemshauri Ami akauze mbuzi.

"Chai ya nani hii?" kijana mmoja akauliza, kikombe mkononi, na sidhani kama alikuwa anatania. Sufuria, nilikuja kujua, ilikuwa ya mke wa ami. Hilo nalipita.

Kila mtu akatoa hukumu. Wa kwanza akasema ni ule mpira wa mikunjo unaopitisha shafti kutoka ndani ya boti kuja mguuni. Nikamwonyesha ngama, pale chini ndani ya boti maji yanapokusanyika: kavu. Mpira ule ukichanika maji huingia botini na kuozesha beringi, na ukilala usingizi unaweza kuamka boti iko chini. Kwenye oili ya gia si njia yake. Wa pili akasema ni wosha za skrubu. Huyo nilimheshimu, kwa sababu wosha za shilingi chache zimewafungulisha watu mguu mzima bure. Lakini za kwetu zilikuwa mpya. Wa tatu akasema Ami aiuze boti. Ami akamuuliza amekuja na nani.

Dawa ni kuujaza mguu upepo, kuupaka sabuni, na kutazama povu. Upepo wenyewe tukamtafutia fundi wa pancha kutoka barabarani, akateremka na kompresa juu ya mkokoteni, geji shingoni.

"Pauni ngapi?"

"Kumi na tano. Usizidishe."

Aliumia. Mtu anayejaza malori ya Kilindini, tairi zinazokula pauni 100 na zaidi, unamwambia 15! "Hata baiskeli itakataa," akasema. Nikamweleza kuwa ukizidisha unazing'oa hata sili nzima, zile pete za kuzibia shafti, kisha unatafuta tundu ulilolitoboa mwenyewe. Akatikisa kichwa, akakata kipande cha tyubu, akakizungushia valvu ya tubeless, akakishindilia kwenye tundu la juu. La chini nikalifunga. Sindano ikapanda hadi 15.

Tukapaka sabuni kila kiungo. Hakuna povu. Tukangoja. Sindano haikusogea.

"Si niliwaambia inatumika?" Ami akasema, na baraza zima likaafiki.

Nikatia gia huru, nikaanza kuzungusha propela kwa mkono, polepole. Sili ya shafti inaweza kushika vizuri shafti ikiwa imetulia, ikizunguka ikaachia. Sindano ikaanza kushuka. Nyuma ya propela povu likachomoza, likapasuka, likachomoza jingine.

"Pancha!" fundi akapiga kelele. Na kwa furaha ya mtu aliyerudishwa kwenye fani yake, akafungua upepo wote.

Namshukuru Mungu tyubu ilitangulia sili. Iliruka ikapita juu ya vichwa vyetu, na nyuma yake ikatoka ile oili nyeupe iliyobaki mguuni, yote, kwa mpigo mmoja. Mbaazi zilipata. Vijana walipata kidogo. Ami, aliyekuwa ameinama kulitazama povu kwa karibu, alipata kuanzia kofia hadi ubavuni.

Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tunatazama bahari.

Nikajishughulisha na nati ya propela. Propela ilipochomoka, nyuma yake, shaftini, kulikuwa na pete ya plastiki ya kijani ambayo haikutengenezwa na kiwanda chochote: mshipi, umejiviringa mzunguko juu ya mzunguko, joto likauyeyusha ukashikana, ukajisokota mpaka chini ya mdomo wa sili. Nikaukata kwa kisu. Katikati ukatokeza uzi mwekundu wa kikoi, alama anayofunga Ami kwenye mishipi yake ili asiibiwe.

Kijana wa mahamri akauliza taratibu, "Ami, papa mwenyewe ndiye huyu?"

Ami akasema amechelewa Ijumaa.

Lakini fundi wa pancha alimzuia, malipo kwanza. Maji yalikuwa yashaanza kulamba magurudumu ya mkokoteni.

"Nahesabu kwa matundu, mzee. Yako mawili."

"Mawili vipi? Povu limetoka pamoja!"

Hapo nikaharibu, nikasema kweli: sili za pale ni mbili, zimepeana migongo, moja inazuia oili isitoke na nyingine maji yasiingie, na mshipi umezila zote. Ami alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. Akatoa pesa ya tundu moja kutoka chini ya kanzu.

"La pili nitakuletea samaki."

Fundi akazihesabu, akaanza kusukuma kompresa yake majini. "Samaki yupi, mzee?"