Fotografe ajue na tumbo ya aparei?

Juzi nilikuwa kwa ndoa kule Kamalondo, kijana mmoja anapiga foto na aparei nzuri kushinda yangu mimi, lakini ameiacha kwa otomatiki, na kila mara bwana harusi akisimama karibu ya ile robe nyeupe ya bibi harusi, sura yake inazama gizani. Nikamwambia, mdogo wangu, ongeza mwanga kidogo. Akanijibu: "Yaya, mi ni fotografe, siko enjenyeri."

Nilicheka, ila hiyo jibu njo ugomvi wenyewe. Fotografe anapaswa kujua pia namna aparei inafikiri, na tena historia ya foto? Ao achague kazi moja aifanye vizuri?

Wenye kusema achague moja hawana uongo. Mteja wa hapa Lubumbashi anataka foto zake kwa WhatsApp kesho asubuhi, hakuna mwenye atakulipa juu unajua historia ya Kodak, wale wa filme za foto. Na nimeona mafundi wenye kufungua aparei mpaka visi ya mwisho, ukiangalia foto zao unalala usingizi.

Lakini rudi kwa ile robe. Kipima-mwanga cha aparei kinadhani kila kitu kiko rangi ya majivu, yenye kurudisha karibu asilimia 18 ya mwanga. Nyeupe ikijaa mbele yake, kinapunguza mwanga, na sura nyeusi ndiyo inalipa deni. Kodak nao kwa miaka mingi walituma kwenye maabara kadi yenye sura ya mwanamke mzungu, "Shirley", rangi zote zipimwe juu yake. Inasemekana wenye kutengeneza chokoleti na meza za mbao, vitu vya rangi ya kahawia, ndio walilalamika wakasikiwa, si sisi. Google wenyewe walileta Real Tone, ya kutoa sura nyeusi vizuri, kwa simu yao Pixel 6 mu 2021, juzi tu. Sasa usipojua hayo, utadhani kosa ni lako ao ni la sura ya bwana harusi.

Wengine watanitajia fotografe Sammy Baloji, mtoto wa hapa, wa 1978. Yeye alisoma kwa Univasite ya Lubumbashi, na kwa kazi yake "Mémoire" ya 2006 alikata watu wa foto za zamani za wakoloni akawaweka juu ya mabomoko ya leo ya Gécamines, kampuni ya migodi. Hapo kusoma foto kulifanya kazi kubwa kuliko lensi. Nakubali. Mi naona kati ya hizo tatu, kupiga foto, mashini na historia, mashini inaweza kupata kipande kidogo, lakini isikose kabisa. Ila tuseme ukweli pia, Baloji anaishi kati ya hapa na Brussels, na hata kama mu 2008 alianzisha Picha, chama cha wasanii, pamoja na wenzake hapa hapa, wanunuzi wa kazi kama hiyo hawajazi Kamalondo.

Basi yule kijana akakubali, akapandisha mwanga. Sura ya bwana ikatoka safi, hata jasho kwa paji unaliona. Akanionyesha kioo: "Yaya, na dantela iko wapi?" Kweli, robe ilikuwa imeungua yote, nyeupe tupu kama karatasi. Mama ya bibi harusi akapita, akaangalia zote mbili, akachagua ile ya kwanza, juu robe njo ilimukula makuta.