Kompyuta mbili, majibu mawili

Jumapili moja tulikuwa mita 20 chini ya maji, nje ya Tanga, mbizi ya pili ya siku. Rafiki yangu akaninyooshea mkono nione kompyuta yake ya kuzamia: zimebaki dakika 19 za kukaa kina hicho na bado uweze kupanda bila kulazimika kusimama njiani. Nikatazama yangu: 11. Asubuhi tulizama pamoja, juu tulipumzika pamoja, sasa tuko kina kimoja. Yeye akaashiria tuendelee. Mimi nikainua dole gumba, ambalo kwa wazamiaji halina maana ya "safi", ni "tupande". Akapanda amenuna.

Juu ya mashua ubishi haukuisha. Nahodha wetu, mtu mzima ambaye ujanani alizamia majongoo bahari kwa pumzi zake mwenyewe, akauliza huku anavuta nanga: "Sasa wanangu, hapo ipi ya kweli?"

Hakuna. Watu wanadhani kile kidude kinapima damu. Hakijui chochote kuhusu damu yako. Kinajua kina na kinajua muda, basi. Namba inayobaki ni hesabu, na hesabu hizo kila mwenye kuzitunga ana imani yake.

Baba wa hesabu hizo ni Mskoti John Scott Haldane, aliyechapisha majedwali yake ya kupanda salama mwaka 1908 baada ya kuwajaribu mbuzi kwenye chumba cha shinikizo. (Wale mbuzi wanaolala katikati ya barabara zetu wangejua jamaa zao walichofanyiwa!) Haldane aliugawa mwili katika mafungu matano ya kufikirika, kila moja likinywa kwa kasi yake naitrojeni, gesi ya hewa tunayovuta, ambayo huyeyuka mwilini ukiwa chini na kutoa viputo vya hatari ukipanda haraka. Loweka mkate wa kumimina kwenye chai na maharage kwenye sufuria, utamwelewa: mkate unalowa papo hapo, maharage mpaka yalale. Fungu lake la haraka lilijaa nusu kwa dakika 5, la mwisho kwa dakika 75.

Akaja Albert Bühlmann wa Zurich, akafikisha mafungu 16. La mwisho linachukua dakika 635 kujaa nusu tu, yaani zaidi ya saa kumi. Naitrojeni ya huko si mgeni wa Tanga, waja leo waondoka leo. Kompyuta nyingi za leo zinafuata hesabu za Bühlmann. Nyingine zinafuata hesabu za viputo, kama RGBM ya Bruce Wienke, ambayo haiangalii tu gesi iliyoyeyuka mwilini bali pia viputo vidogo vinavyobaki baada ya kupanda. Hizo hazimwonei huruma anayepumzika muda mfupi juu, wala anayepanda na kushuka kama ndoo ya kisima. Yangu ni ya viputo, ndiyo maana mbizi ya kwanza kompyuta zetu mbili zilikaribiana, ya pili zikagombana.

Na ugomvi huu haukuanza na kompyuta. Kwa mita 18, jedwali la zamani la Jeshi la Wanamaji la Marekani lilitoa dakika 60. Jedwali la mwaka 1988 la PADI, shirika la kufundisha wazamiaji, linatoa 56. Kwa mita 30, la jeshi 25, la PADI 20. Bahari ni ile ile.

Mimi nasema hivi, na rafiki yangu akinuna anune: wawili wakizama pamoja, ifuatwe iliyo bahili. Siyo kwamba bahili ndiyo yenye akili zaidi. Huenda yangu inanipunja bure. Lakini zote mbili hazijui kwamba jana sikulala, kwamba nimekunywa kahawa tangu alfajiri bila tone la maji, kwamba nimepiga miguu dhidi ya mkondo robo saa nzima. Dakika nane ninazopunjwa ndizo akiba yangu kwa yote hayo. Na chumba cha shinikizo, anakotibiwa mzamiaji aliyedhuriwa na viputo, hakipo hapo ng'ambo ya barabara.

Kinachoniudhi ni wanaokodisha vifaa. Mahali fulani niliwahi kumuuliza kijana, hii inatumia hesabu gani? Akaigeuza, akaifuta kwa fulana, akanijibu: "Nzima kabisa hii kaka, betri mpya." Wala simlaumu sana, kwa sababu wenye kumwajiri hawakumfundisha. Ila mteja anayekabidhiwa namba ya kumrudisha juu salama ana haki ya kuambiwa imetoka wapi.

Tulipofika ufukweni nikamwomba rafiki yangu tufungue mipangilio ya kompyuta yake. Aliinunua mkononi kwa mtu, na tangu aivae hajawahi kugusa kitu zaidi ya saa na tarehe. Yake ni ya Bühlmann, na nyingi za hizo zina sehemu ya kuchagua ufike asilimia ngapi ya ukomo kabla haijakuita juu. Mwenyewe wa kwanza alikuwa ameiweka 95. Tukafungua ukurasa wa kupanga mbizi, mita 20, tukasoma dakika zake. Akashusha hadi 70, tukasoma tena. Zilikuwa zimekatika nyingi, hajaingia hata futi moja majini.

Akaiangalia kitambo. Kisha akaniuliza kama najua aliyemuuzia bado anazamia.