Wazao wa Yorktown na Wasahaulika wa Savannah

Kila tarehe 4 Julai, katika makaburi ya Picpus jijini Paris, bendera ya Marekani iliyo juu ya kaburi la jenerali Mfaransa Lafayette huondolewa na kuwekwa mpya. Miongoni mwa wanaoenzi kumbukumbu za namna hii wamo wazao wa Wafaransa waliopigania uhuru wa Marekani, na chama chao kikongwe zaidi ni kile kiitwacho Society of the Cincinnati, kilichoundwa Marekani mwaka 1783 na kupata tawi la Ufaransa mwaka uliofuata. Uanachama wake hurithiwa, na hapo ndipo ubishi unapoanzia.

Wanaoutetea utaratibu huo wana hoja nzito. Bila meli za amiri Mfaransa de Grasse kuziba mlango wa ghuba ya Chesapeake Septemba 1781, na bila askari zaidi ya 5,000 walioletwa na jenerali Mfaransa Rochambeau mwaka mmoja kabla, jenerali wa Uingereza Cornwallis huenda asingesalimu amri mjini Yorktown, Virginia. Lakini Ufaransa yenyewe ilikuwa na sababu za kutoisherehekea vita hiyo: iliigharimu zaidi ya livre bilioni 1 (sarafu ya Ufaransa ya wakati huo), madeni yakasaidia kuuangusha ufalme, na baadhi ya makamanda wake, kama amiri d'Estaing, wakaishia kukatwa vichwa kwenye gilotini. Tawi la chama nalo lilivunjwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, likafufuliwa mwaka 1925. Mtu hawezi kulifufua jambo kama hilo baada ya zaidi ya karne moja kama koo hazikutunza barua na nishani za mababu.

Hata hivyo, ukoo huchagua wa kumkumbuka. Chama hicho kilikuwa cha maofisa, si cha askari wa kawaida. Mwanasiasa wa Marekani Benjamin Franklin alikikejeli mapema, mwaka 1784, akimwandikia bintiye kwamba heshima ingefaa ipande kwa wazazi waliomlea shujaa badala ya kushuka kwa watoto wasiofanya lolote. (Wazao pia hupenda kuzungumzia urafiki, ilhali waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, Vergennes, alitaka kwanza kulipiza kipigo ambacho Uingereza iliwapa Wafaransa hadi mwaka 1763.)

Kwangu mimi, hoja hii ya pili, kwamba ukoo huchagua wa kumkumbuka, inashinda pale tunapofika mji wa Savannah, Georgia. Oktoba 1779, katika shambulio la d'Estaing lililoshindwa, walikuwapo wanaume huru weusi na machotara zaidi ya 500 kutoka Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti. Hawakuwa na chama cha kurithishana, na Marekani haikuitambua Haiti hadi mwaka 1862. Mnara wao ulizinduliwa mwaka 2007 kwa juhudi za Wamarekani wenye asili ya Haiti, ambao hawakuombwa kuonyesha nasaba ya babu yeyote. Umesimama katika uwanja unaoitwa kwa jina la Franklin.