Waigizaji wa Uingereza hawatuzidi kipaji, wanatuzidi mkataba

Nyumbani mtu akijitambulisha kuwa mwigizaji, tunamuuliza yuko kundi gani. Huku Uingereza swali hilo halimfai mtu kama Miriam Margolyes, mzaliwa wa Oxford, 1941. Alisoma Cambridge, akapita kwenye michezo ya redio ya BBC, akawa sauti ya sungura wa matangazo ya chokoleti ya Cadbury's Caramel, akaingiza sauti za Kiingereza kwenye tamthilia ya Kijapani ya Monkey, na 1995 akamsemea mbwa Fly kwenye filamu ya Babe. Jukwaani aliigiza wahusika 23 peke yake katika Dickens' Women. Mwaka 2006, mchezo wa nyimbo wa Wicked ulipofunguliwa ukumbi wa Apollo Victoria, London, naye alikuwemo. BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, anayo, na watoto wanamjua kama mwalimu wa mimea wa Harry Potter.

Tukiona orodha hiyo tunasema ni kipaji. Kipaji hata sisi tunacho, tena cha kumwaga. Tusichokuwa nacho ni mkataba unaomlinda mtu akiruka kutoka kazi hii kwenda ile.

Huku sauti ya tangazo kwa kawaida hulipwa mafungu mawili. La kwanza ni la kuingia studio. La pili ni la matumizi: tangazo litapigwa redioni, kwenye televisheni au mtandaoni, nchi zipi, na kwa muda gani. Muda ukiisha, mteja anayetaka kuendelea analipa tena. Wakala anakata kamisheni yake, na ndiye anayefuatilia tarehe. Chama cha waigizaji, Equity, kipo tangu 1930 na hujadiliana na waajiri kuhusu malipo ya chini. Nyumbani msanii anapewa mkupuo, anasaini karatasi ambayo hata hajaisoma, na tangazo linapigwa mpaka wateja wenyewe walichoke.

Si kwamba huku ni peponi. West End, eneo la majumba ya maigizo London, ni maonyesho manane kwa wiki, na mkataba ukiisha wengi wanarudi kuhudumu mgahawani. Kodi ya nyumba London haijui msanii.

Vitabu vya kusikiliza ndivyo vinavyowaokoa wengi, na hapo ufundi unaonekana. Saa moja iliyokamilika ni takriban maneno 9,000, na msomaji mzoefu huitolea jasho saa mbili au zaidi. Maiki hukaa kama shibiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo, ili pumzi ya "p" na "b" isiipige moja kwa moja. Bangili na jaketi la nailoni huachwa nje. Tumbo likinguruma linasikika, kwa hiyo haingiwi na njaa; mdomo ukitoa vile vimlio vya mate, watu hung'ata tufaha la kijani. Akikosea, fundi anarudisha sekunde chache na msomaji anadakia palepale. Kinachoharibika zaidi ni sauti ya baada ya chakula cha mchana: inashuka, inazubaa, na pale rekodi ya asubuhi ilipoungwa na ya mchana panasikika. Kosa jingine ni kuanza kurekodi kabla ya kukimaliza kitabu, halafu ukurasa wa 200 mwandishi anataja kwamba mhusika ni Mskoti, nawe umeshampa lafudhi nyingine.

Sasa tamthilia za Kituruki zinaingizwa Kiswahili, na vijana wetu wanaifanya kazi hiyo vizuri sana. Kabla ya kusaini, waulize: malipo ni kwa kipindi au kwa saa? Ikiuzwa kituo kingine, wanalipwa? Sauti yao inaweza kutumika kufundishia kompyuta? Hilo la mwisho liandikwe waziwazi, kwa kukataa au kwa bei yake.