Kabla hujanunua trela, soma stika ya mlango wa gari lako

Nimekereka na ngoja niseme. Mdogo wangu na mkewe wako hapa Columbus, Ohio, wana watoto watatu wadogo, juzi wameenda yadi kuangalia trela la kulala, la kwanza kwao, wakaona moja lina vitanda vya dabodeka kule nyuma, jiko, choo, watoto wakapanda juu wakagoma kushuka. Muuzaji akatazama lile gari lao la viti saba akasema msiwe na wasiwasi, gari lenu linavuta uzito wa paundi 5,000 na trela hili lina 4,200, mna nafasi ya kutosha. Hapo hapo akatoa karatasi za mkopo. Familia yenye mtoto wa kunyonya unaiambia hivyo!

Jamani, hizo 4,200 ni uzito wa trela likiwa tupu lilivyotoka kiwandani, nani anasafiri na trela tupu? Jaza tenki la maji la galoni 40, kila galoni ni paundi 8 na kitu, hapo umeshaongeza kama 330. Mitungi miwili ya gesi na betri, 130 nyingine. Halafu masufuria, mashuka, mchele, unga, viti vya kukalia nje, baiskeli za watoto, na sisi tunavyojua kufungasha, weka 500 na hapo nimepunguza. Jumla imepita 5,100, yaani gari limeshazidiwa kabla hujatoka nyumbani.

Na hiyo sio namba inayonitisha. Inayonitisha iko kwenye stika ndogo pale mlangoni kwa dereva, ile unayosoma upepo wa matairi, imeandikwa kwamba watu na mizigo yote ndani ya gari visizidi uzito fulani. Kwenye gari la mdogo wangu ni paundi 1,350. Sasa trela ukilifunga, sehemu ya uzito wake inalalia gari, inatakiwa iwe asilimia 10 mpaka 15 ya trela zima, ikipungua hapo trela linaanza kuyumba huku na huku barabarani. Chukua asilimia 13, inakuja kama 670. Chuma cha kuunganishia, kile kizito cha kusawazisha mzigo, 100. Baba, mama, watoto na viti vyao, 550. Mabegi na kigari cha mtoto, 150. Jumlisha, ni 1,470. Na hakuna hata mmoja pale yadi aliyefungua ule mlango akaangalia!

Hii ina maana gani? Nyuma ya gari inazama, mbele inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi mkononi, breki zinachelewa, halafu uko barabara kuu ya I-75 kule Tennessee, kwenye ile milima kati ya Jellico na Caryville, unashuka, lori kubwa linakupita, upepo wake unalisukuma trela, na watoto wako wamelala nyuma. Kwetu Tanzania lori likizidisha linakamatwa mizani Vigwaza na faini juu. Huku familia inaendesha mzigo uliozidi maili mia tatu na hakuna anayeuliza, kwa hiyo jipime mwenyewe, vituo vikubwa vya malori vina mizani, unapanda na gari na trela na familia yote, haifiki dola 20.

Sawa, muuzaji hajadanganya, hiyo 5,000 imo kwenye kitabu cha gari. Na ndiyo, unaweza kusafiri tenki likiwa tupu ukajaza maji kambini. Lakini rudia hesabu bila maji uone, stika bado imezidi kama paundi 80. Dawa ni trela dogo zaidi au gari kubwa zaidi, na dabodeka zipo hata kwenye matrela madogo.

Mkopo nao, miaka 15! Mtoto wa miaka minne atakuwa na 19 siku unamaliza kulipa, na trela lenyewe linashuka bei tangu siku unalitoa yadi.

Mimi ningetafuta lililotumika. Wakati wa Korona watu walinunua kwa fujo, mwaka 2021 peke yake viwanda, na vingi viko kule Elkhart, Indiana, vilitoa matrela na magari ya kulala zaidi ya laki 6, na mengi yametumika kidogo tu. Adui hapo ni maji. Panda uangalie paa, bonyeza kuta kwenye kona, nyanyua magodoro, ukisikia harufu ya unyevu ondoka hata kama limepakwa rangi likang'aa. Matairi usiangalie kashata, soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi, 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019, hayo ni mazee hata kama hayajatembea.

Na kabla ya yote hayo kodisheni moja wikiendi, nendeni kwenye hifadhi ya Hocking Hills, hapo karibu, mlale humo na watoto wote watatu mvua ikinyesha. Mtajua mnahitaji trela la ukubwa gani kuliko muuzaji yeyote atakavyowaambia.