Digrii ya lishe: deni la Bodi ya Mikopo halitishi, la nyumbani ndilo la kuhesabu

"Mjomba, nisome lishe, au nijaribu tena udaktari mwakani?" Binti wa dada yangu aliniuliza hivyo matokeo ya kidato cha sita yalipotoka. Kabla sijafungua mdomo mama yake akadakia: "Muulize kwanza, italipa?"

Tuanze na karatasi ya mshahara. Chukua afisa lishe wa halmashauri hapa Tanzania mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 1,000,000. Nimeichagua namba hiyo kwa wepesi wa hesabu tu, siyo ngazi yoyote ya serikali. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wanachukua asilimia 5, yaani 50,000. Kodi kwenye 950,000 iliyobaki ni 115,500. Bima ya afya, 30,000. Kisha Bodi ya Mikopo, inayokopesha wanafunzi wa vyuo vikuu, inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 150,000. Mkononi zinabaki 654,500. Angalia vizuri: Bodi imekata nyingi kuliko TRA, mamlaka ya mapato. Wanaolalamika tangu makato yapande mwaka 2016 hawasemi uongo, hasa kijana aliyepangiwa kituo mbali na kwao, anayetakiwa kulipa kodi ya nyumba na kununua godoro mwezi huohuo.

Ila deni lenyewe halikui. Mwaka 2021 serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, pamoja na faini ya asilimia 10 kwa waliochelewa kurejesha. Tuseme anadaiwa milioni 9. Kwa 150,000 kila mwezi anamaliza ndani ya miaka mitano. Chini ya utaratibu wa zamani, mwaka wa kwanza tu ungemwongezea 540,000 juu ya deni. Tena lishe pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ni miaka mitatu, wakati udaktari ni mitano na mwaka mwingine wa mafunzo kazini. Ni kweli daktari hurejesha kutoka kwenye mshahara mnono zaidi, lakini aliyesoma lishe huingia sokoni mapema na mzigo mdogo.

Sokoni ndiko mambo yanakogeuka. Kazi ya kufanya ipo tele. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka 34 mwaka 2015/16, na mkoa ulioongoza ni Iringa, asilimia 56.9. Iringa, mkoa wa mahindi! Huwezi kupata hoja nzuri zaidi ya kwa nini nchi inahitaji wataalamu wa lishe. Wakuu wa mikoa wamesainishwa mikataba ya lishe, na halmashauri zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto chini ya miaka mitano. Lakini mtoto aliyedumaa hamlipi afisa lishe mshahara. Anayelipa ni mwajiri mwenye kibali cha ajira, na kibali hakifuati idadi ya wahitimu. Vijana wanakaa nyumbani, kila siku wanafungua Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali.

Mashirika hulipa vizuri, wakati mwingine kuliko halmashauri, ila kwa mkataba wa mradi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada tuliona mradi unavyoweza kufa kwa saini moja.

Kujiajiri? Inawezekana, hasa mjini ambako kisukari na presha vimejaa. Shida ni kwamba mteja huyohuyo anayetoa 50,000 kununua unga wa kupunguza tumbo Instagram atakushangaa ukimwambia ushauri wa saa nzima ni 20,000. "Yaani kuniambia nile nini tu?" Na mwenye kujiajiri naye Bodi inamdai: asilimia 10 ya kipato chake, au isiyopungua 100,000 kwa mwezi.

Kwa hiyo kwangu faida ya digrii hii haipimwi kwa mshahara wala kwa deni la Bodi. Inapimwa kwa idadi ya miaka kati ya joho na mshahara wa kwanza, na kwa nani anadai katika miaka hiyo. Bodi ina uvumilivu: inakupa miezi 24 baada ya kumaliza, na ukichelewa tarakimu haivimbi. Deni la nyumbani ndilo halina subira. Mkopo wa Bodi haumfikii kila mtu kwa ukamilifu. Mmoja anapata bumu, yaani posho ya kujikimu, la 10,000 kwa siku na sehemu ndogo tu ya ada, mwingine hapati kabisa, na pengo linazibwa na mzazi. Anauza kipande cha shamba, au anakwenda kukopa kikoba, kikundi chao cha kuweka na kukopa.

Dada yangu alishapiga hesabu yake: atakopa laki nne, "basi." Kikoba chao kinatoza asilimia 10 kwa mwezi. Hiyo ni 40,000 ya riba kila mwezi, na baada ya miezi kumi riba peke yake imekuwa mkopo mwingine kama ule. Muhula wa pili bado. Mwaka wa pili na wa tatu bado. Kibali cha ajira ndiyo kabisa.

Akipata mkopo wa kutosha, aende, hata leo, na aachane na kusubiri udaktari wa mwakani. Asipopata, hilo ni shauri jingine, na binti hawezi kulijibu peke yake. Nikamwomba dada alete daftari la kikoba. Akasema liko kwa mweka hazina, twende tukalichukue.