Huku msindikizaji anapigiwa makofi

Kwetu ukitaka kuiudhi timu ya mtu, iite msindikizaji. Timu imepanda daraja, imefungwa mechi sita mfululizo, watani kijiweni wanasema: hawa wamekuja kuwasindikiza wenzao. Sikujua neno hilo tumelionea kiasi gani mpaka nilipokuja kuishi Japani na kuanza kuangalia besiboli.

Nilianza kwa kuburutwa. Kiwandani ninakofanya kazi, ikifika Agosti hakuna soga nyingine ila Koshien, mashindano ya shule za sekondari yanayochezwa Nishinomiya, kwenye uwanja uliofunguliwa mwaka 1924. Mzee mmoja wa zamu yetu akanichukua siku ya mapumziko. Jua linababua, matarumbeta ya wanafunzi hayanyamazi, naye kainamia daftari na penseli, anaandika kila kinachotokea.

Raundi ya nane kati ya tisa, timu zimefungana moja moja. Kijana wa kwanza kafika kituo cha kwanza; akivizunguka vyote vitatu na kurudi nyumbani, pale anaposimama mpigaji, timu yake inapata pointi. Akaja wa pili, ana mabega ya mpagazi, nikajua huyu mpira anaupeleka jukwaani. Hakuupeleka. Mrushaji alipoinua mguu, kijana akamgeukia, akateleza mkono mmoja mpaka kwenye unene wa gongo, akakunja magoti, akalilaza gongo mbele yake. Mpira ukaligusa, tok, ukaanguka na kujikokota kwenye udongo mweusi kama umechoka. Mrushaji akaukimbilia, akautupa kituo cha kwanza. Kijana katolewa, hata nusu ya safari hajamaliza. Lakini mwenzake tayari yuko kituo cha pili, na kutoka pale pigo moja safi laweza kumrudisha nyumbani.

Mimi nikaguna. Jukwaa likapiga makofi. Benchi zima likasimama kumpokea yule aliyetolewa, wanampiga mgongoni kama kafunga goli.

Mzee akanieleza kwamba ufundi ule una majina mawili. Kwenye takwimu huitwa gida, yaani pigo la kujitoa. Majukwaani huitwa okuri-banto. Banto wamelitoa kwa Wamarekani, ni banti, kule kuugusisha mpira gongo bila kuupiga kwa nguvu. Okuri linatokana na kitenzi okuru, kupeleka, na ndicho hichohicho utakachotumia ukimtoa mgeni mpaka stesheni. Banti ya kusindikiza!

Lile jina la kwanza lingenishinda kulitia Kiswahili. Kafara? Linanuka uganga. Kujitoa mhanga, siku hizi ukitamka watu wanatafuta bomu liko wapi. Kujitolea nako kumekuwa kazi ya bure yenye fulana. Lakini kusindikiza tunakujua tangu utotoni: unavaa kandambili, unatoka na mgeni, mnaongea mpaka njia panda, yeye anaendelea na wewe unarudi. Hujafika popote, na wala hukutoka nyumbani ili ufike.

Kinachonishika zaidi ni jinsi wanavyoliandika pigo hilo kwenye takwimu. Banti ya namna hii haimshushii mpigaji wastani wake. Ina safu yake peke yake. Tena karani wa mchezo anatakiwa aangalie nia: akiona ulikuwa unajitafutia kituo mwenyewe, safu hiyo hupati. (Walionifundisha chuoni kwamba kila jambo ni kwa nia wangempenda karani huyu.) Masahiro Kawai, mchezaji wa ligi ya kulipwa, alisindikiza wenzake mara 533, na mwaka 2003, akiwa timu ya Yomiuri Giants, aliipita rekodi ya 512 ya Mmarekani Eddie Collins. Mzee wangu anaitaja hiyo 533 kwa heshima ileile anayoitajia 868 ya Sadaharu Oh, na zile 868 ni mipira iliyovuka uzio.

Wamarekani wengi siku hizi wanaona huu ni ufujaji, na hesabu wanazo. Mkimbiaji akiwa kituo cha kwanza na hajatolewa mtu, timu kwa kawaida hutarajia karibu pointi 0.9 kabla raundi haijaisha. Msogeze kituo cha pili kwa gharama ya mtu mmoja, inashuka hadi karibu 0.7. Umelipa na bado umepungukiwa. Tangu 2022 ligi zao kuu zote mbili haziwalazimishi warushaji kupiga, na hao, kwa kuwa kupiga kwao kulikuwa dhaifu, ndio waliokuwa wateja wakubwa wa banti. Nilipomletea mzee hoja hiyo alijibu bila kuinua macho: raundi ya nane, mmefungana moja moja, nani anatafuta nyingi?

Sasa, nisiwapambe Wajapani. Yule kijana hakuulizwa. Kocha aligusa kofia, akagusa mkanda, basi, amri imeshatoka. Kazini pia nimewaona vijana wanaokaa mpaka usiku kwa sababu bosi hajaondoka. Huko si kusindikiza, ni kuogopa. Ila uwanjani kuna kitu kimoja ambacho kwetu sijakiona: aliyejitoa anaandikwa, na zamu yake inarudi.

Nyumba zetu zimejaa banti. Dada yangu aliacha shule kidato cha pili akakaa kwenye cherehani ili ada itoshe mtu mmoja, na mtu huyo nikawa mimi. Ishara ilitoka kwa baba, na wala hakuhitaji kugusa kofia. Nikienda likizo majirani wananiambia nina akili, nina bahati, nimeombewa. Dada yupo palepale barazani, anapita na chai, hakuna anayemgeukia. Tunawashukuru wa aina yake kwenye hotuba za harusi tu, tena kwa pamoja: "na wengine wote waliotusaidia."

Wiki iliyopita nilimweleza mchezo huu kwenye simu, mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza, mashine ikinguruma upande wa pili, kisha ikanyamaza.

"Huyo aliyesindikiza, anarudi kupiga lini?"

"Wakishapita wenzake wanane."

"Mdogo wangu, kwetu tuko wanne."

Sikuwa na jibu.

"Kuna cherehani ya umeme ya kudarizi," akasema, "nimeiona kwa mtu. Nikutumie picha?"

Nikamwambia atume, na bei aandike.